Unataka STI na unaishi Mtwara? Piga hesabu hizi kabla hela ya korosho haijatoka

Kila ikifika mwezi wa kumi na moja simu yangu haitulii. Minada ya korosho imeshaanza kulipa, hela imesoma kwenye akaunti, na mtu ambaye mwezi wa tano alikuwa anakopa nauli ya bajaji sasa ananiuliza kama namjua mtu anayeuza Subaru yenye mlio kama yangu. Msimu uliopita alikuwa mpwa wangu wa damu kabisa, mtoto wa dada, yuko Tandahimba, "mjomba nimepata, nitafutie STI ya bluu." Kwa vile ni mpwa nikamjibu kwa urefu, nikamaliza bando zima, halafu nikaona bora niandike yote sehemu moja maana nimechoka kurudia.

Mi naendesha STI, yaani ile Subaru Impreza ya mbio, hapa Mtwara mwaka wa sita sasa. Nimeua injini moja kwa uzembe wangu mwenyewe, nitaisimulia huko chini. Na nyuma ya gereji ninayopeleka gari yangu kuna ndinga tatu za mbio ziko juu ya mawe, zote zilinunuliwa msimu wa korosho, zote zilisimama kabla ya mwezi wa saba. Fundi ananiambia hakuna hata moja iliyokufa kwa kukimbizwa. Hela ya mwenyewe inaingia mara moja kwa mwaka, gari inakula kila wiki, sasa ikifika mwezi wa tatu oili inasogezwa mbele, wa nne belti inasogezwa mbele, wa sita imeenda.

Mfano wangu wote ni Impreza WRX na STI kwa sababu ndizo zimejaa na ndizo nazijua. Ukiwa na Forester ya tabo (kile kidude kinachosukumia injini hewa zaidi ipate nguvu), Altezza, Mark X ya 3.5 au hata BMW, njia ya kuhesabu ni hiihii ila namba zinabadilika, na za BMW zinabadilika kwenda juu, usije ukasema sikukwambia.

Hatua ya kwanza: ijue gari kwa chesisi, achana na beji

Beji ya STI inauzwa na wauza mapambo ya gari, ni ya kubandika tu. Nimeona Impreza ya 1.5 isiyo na tabo hapa mjini ina beji tatu za STI na buti lenye bawa kama meza ya kulia chakula. We angalia herufi za mwanzo za namba ya chesisi. GDA ni WRX ya tabo, GDB ndo STI yenyewe ya miaka ya 2000 mpaka 2007, GRB ni STI ile ya mlango wa nyuma iliyoanza mwisho wa 2007, GVB ni hiyohiyo yenye buti, VAB ni ya 2014 mpaka 2019. GD2, GD3 na GD9 hazina tabo. Zile za zamani za GC8 hapo ni mtihani kidogo maana WRX na STI zote zinaandikwa GC8, hizo nenda na mtu anayezijua.

Kwa nini nakazania? Kwa sababu spea zinatofautiana. GDB ina giaboksi ya gia sita ambayo ni ngumu sana, GDA ya manual ina gia tano ambayo ukiirukisha klachi kwenye taa za barabarani inakupa meno ya gia kwenye oili. Breki za STI nyingi ni Brembo, pedi zake haziingii kwenye WRX ya kawaida. Ukikosea chesisi kwenye kuagiza, umelipia parseli ya basi Dar kuja Mtwara, umelipia kurudisha, na gari bado iko juu ya jeki.

Kitu kizuri kwa hizi gari ni kwamba injini yake, EJ20, ilianza 1989 na Subaru wameifunga 2019 kwa toleo la mwisho la gari 555 tu kule Japan. Miaka thelathini, yaani hakuna ugonjwa wake ambao haujulikani na spea zake zimezagaa dunia nzima. Hiyo ndo sababu namwambia mtu achukue hii kuliko gari ya ajabu ambayo Tanzania ziko nne.

Ukiagiza mwenyewe Japan omba karatasi ya mnada, isome au msomeshe anayejua. Gredi ya R au RA maana yake imeshagongwa ikatengenezwa. Siyo lazima uikatae, ila bei ishuke na ujue wapi iligongwa.

Hatua ya pili: ushuru

Hapa sitakaa sana kwa sababu TRA wana kikokotoo mtandaoni, unaingiza gari na mwaka kinakupa jibu. Ila jua kinachokupiga. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini (EJ20 ina cc 1,994 kwa hiyo inapona kwenye lile kundi la chini ya 2,000 ambalo ni 5%, zile za 2.5 zinapigwa 10%), halafu gari ikizidi miaka kumi kuna nyongeza ya 30% ya uchakavu. GDB na GRB zote zimeshapita miaka kumi zamani. Na hivi vitu vinapandiana, kimoja kinahesabiwa juu ya kingine, kwa hiyo usijumlishe asilimia kichwani ukadhani umemaliza.

Hatua ya tatu: hela ya pili

Hii ndo niliyomkazia mpwa. Chukua jumla yote iliyotumika mpaka gari imepaki uani kwako, gawa kwa tatu, theluthi moja iwe ipo, taslimu, siku ileile unanunua. Kama haipo basi gari hiyo huiwezi, shuka daraja. Kanuni hii nimeitunga mimi, haijatoka kwenye kitabu, na ukiuliza wale wa juu ya mawe watakwambia ni ndogo.

Theluthi hiyo inaanza kazi kabla hujapiga hata misele ya kwenda Mikindani. Gari imekuja na namba ya kilomita ambayo hujui kama ni ya kweli, kwa hiyo unaichukulia kama haijawahi kufanyiwa kitu. Cha kwanza kabisa ni taimingi belti. Kwa EJ20 belti ni ya kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na hii injini belti ikikatika valvu na pistoni zinakutana, hapo umeaga silinda hedi. Ukibadilisha belti badilisha na tenshona, na zile puli zake zote, na wota pampu, maana pampu inazungushwa na belti hiyohiyo. Nimeona watu wanaweka belti mpya wanaacha puli ya zamani ili wabane hela, puli inakwama miezi minne mbele, inakwenda na belti mpya na injini.

Halafu oili ya injini na filta, oili ya giaboksi, oili ya difu ya nyuma, mafuta ya breki, kulanti (kulanti jamani, siyo maji ya bomba ya Chikongola), plagi, filta ya hewa. Pima mgandamizo wa silinda zote nne ukiwa hapo, ikitokea moja iko chini sana kuliko wenzake ujue mapema.

Hatua ya nne: oili, na jinsi nilivyoua injini

Mwaka wangu wa pili na gari nilikuwa narudi kutoka Dar, peke yangu, usiku. Oili nilibadilisha kama wiki tano nyuma nikajua niko salama hadi kilomita elfu tano, stiki ya kupimia oili sikuichomoa hata siku moja. Nikapita Somanga, nikapita Nangurukuru, barabara imenyooka, hakuna mtu, nikakanyaga. Kwenye kona moja taa nyekundu ya oili ikawaka ikazima. Nikajiambia sensa hiyo, gari za zamani hizi. Nikaendelea kukanyaga. Karibu na Mbwemkuru nikaanza kusikia ko-ko-ko-ko inafuata mguu wangu, nikiachia inapungua, nikikanyaga inaongezeka, na hapo hata kama hujui ufundi tumbo linakwambia. Koni rodi, kile chuma kinachoshika pistoni, imeshaanza kugonga.

Nililala ndani ya gari. Asubuhi nikapata Fuso inashuka tupu kuja kupakia saruji Mtwara, tukatafuta tuta la udongo Fuso ikarudi nyuma mpaka usawa, tukasukuma STI ikapanda juu kama ng'ombe wa mnadani. Nikaingia mjini juu ya lori, watu wa stendi wanaonijua wameshika ming'oko mkononi wananiangalia. Injini ilipofunguliwa oili ilikuwa pungufu karibu lita moja na nusu na beringi za koni rodi zimechubuka mpaka kwenye shaba.

Sasa elewa kilichotokea. Hizi injini zinabeba lita 4 na ushee tu, na injini ya tabo yenye umri inakunywa oili kidogokidogo bila moshi wa kuonekana. Kati ya alama ya juu na ya chini kwenye stiki ni karibu lita nzima. Ikiwa imepungua na wewe unakata kona kwa kasi, oili inakimbilia pembeni, pampu inavuta hewa, beringi inakaa sekunde mbili kavu. Na ile taa nyekundu haipimi wingi wa oili hata kidogo, inapima presha, kwa hiyo ikiwaka ukiwa mwendoni ujue hasara imeshaanza, zima injini palepale ulipo hata kama ni porini.

Kwa hiyo sasa hivi utaratibu wangu ni kila nikijaza mafuta nachomoa stiki. Gari iwe sehemu tambarare, zima, subiri dakika kama tano hadi kumi maana hii injini imelala pande mbili na oili inachelewa kurudi chini, futa, chovya, soma pande zote mbili za stiki, chukua ile iliyo chini. Kwenye buti kuna lita mbili za akiba muda wote. Nabadilisha kila kilomita 5,000, 5W-40 ya sintetiki, filta mpya kila mara, na nanunua kwenye duka lenye jina la kupoteza maana oili feki ipo na kwenye gari ya tabo haikusamehi. Kwenye bomba la oili linaloenda kwenye tabo, gari nyingi za miaka hiyo zina kijichujio kidogo ndani ya boliti, kikiziba tabo inakauka. Mwambie fundi akifungue akikague, mafundi wengi hawajui kama kipo.

Na uwashaji. Asubuhi usikanyage mpaka joto likae sawa, na ukitoka safari ndefu kilomita mbili tatu za mwisho nenda kinyonge ili tabo ipoe. Kukaa umeunguruma dakika kumi nje ya baa siyo kupoza tabo, ni kuita watu.

Hatua ya tano: petroli

STI za Japan zimepimwa kutumia petroli ya oktani 100, wenyewe wanaita haioku. Pampu zetu hazina hiyo. Oktani ikiwa ndogo mafuta yanawaka kabla ya wakati ndani ya silinda, injini ina sensa ya kusikia huo mgongano na inajipunguzia nguvu kidogo, ila uvumilivu wake una mwisho, na mwisho wenyewe ni pistoni kupasuka pale kwenye ringi.

Maana yake kwa sisi wa pwani ya joto ni hivi: usinunue gari iliyochezewa kuongezwa presha ya tabo na "mtaalamu" ambaye hakuna anayejua alifanya nini, usikanyage mpaka mwisho ukiwa gia kubwa na mzunguko mdogo (kupanda kule Makonde na gia ya tano, hapana, shuka gia), plagi ziwe nzima, na ukipata mtu wa uhakika wa kupanga upya kompyuta kwa petroli yetu mlipe, hiyo hela haipotei.

Ulaji: mimi mjini napata kilomita 8 kwa lita, safarini 9 mpaka 10 nikiwa mpole. Tangi ni lita 60 na Dar ni kama kilomita 560, kwa hiyo ukitoka na tangi limejaa taa itawaka kabla hujafika Dar, ongeza njiani. EWURA, wale wadhibiti wa bei ya mafuta, wanatoa bei kikomo kila mwezi na Mtwara ina yake; mi kwenye hesabu zangu nimeweka lita elfu 3, we weka bei ya mwezi wako.

Ongeza na elfu 30 ya faini hapa na pale. Vijiji vimepangana kuanzia Ikwiriri mpaka Mingoyo, kila kibao cha 50 kina trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe, na gari ya bluu yenye bawa haionewi huruma.

Hatua ya sita: tairi

Hapa ndo wengi wanashtuka. Gari inavuta magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo tairi zote lazima zilingane, mzunguko wa moja usizidi wa nyingine zaidi ya kama milimita 6. Ukipasua moja kwenye shimo na zingine tatu zimeshaisha nusu, huwezi kuweka moja mpya ukaondoka, difu ya katikati (ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi muda wote mpaka inaungua. Unanunua nne, au unatafuta iliyotumika yenye kina kilekile. Na saizi zenyewe ni 225/45R17, 235/45R17 au 245/40R18, siyo za Noah hizi, hapa Mtwara kuzipata zote nne za aina moja ni bahati, nyingi zinatoka Dar. Ubavu wake mwembamba, shimo la kawaida kwa Hilux kwako ni rimu kupinda.

Hilohilo la magurudumu manne linahusu kuvutwa. Ikizima usikubali ivutwe mbele imenyanyuliwa na nyuma inaburuzika chini, au kinyume chake. Ipande juu ya gari nyingine, kama ng'ombe wangu.

Hatua ya saba: fundi, spea na umbali

Mafundi wa hapa ni wazuri kwa Toyota, hilo halina ubishi, na wanaoijua Subaru ya tabo ni wachache. Mtafute kabla ya gari. Swali langu la mtihani ni rahisi: muulize plagi za hii gari anazitoaje. Akikwambia fungua boneti chomoa juu kama Corolla, agana naye vizuri. Plagi za Subaru ziko ubavuni, unatoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande mwingine ndo mkono unaingia.

Spea kubwa zinatoka Dar, Kariakoo pale Gerezani na Ilala, zinapanda basi jioni unazipokea kesho yake. Hiyo ni siku nzuri. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara huko Kilwa, rejeta yangu ilikaa Dar siku kadhaa na mi nilitembea kwa bodaboda. Tangu hapo nina boksi: koili moja, plagi nne, hozi za rejeta ya juu na chini, mfuniko wa rejeta, belti za nje, sensa ya hewa, kulanti, fyuzi. Nina na kile kidude cha Bluetooth cha kusoma namba za hitilafu ya gari kwenye simu, ila kwa Subaru za Japan za zamani vingine havisomi kitu, kijaribu kabla hujalipa.

Chumvi nayo. Ukikaa Shangani au Mikindani osha chini ya gari kwa maji baridi kila wiki, ukazanie matao ya magurudumu ya nyuma, hapo ndo Impreza inaanzia kuoza.

Hatua ya nane: mwaka mzima kwa korosho

Hii ni hesabu yangu, yako piga mwenyewe. Mjini natembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi, lita 125, ni 375,000, kwa mwaka milioni 4.5. Dar naenda na kurudi mara nne, karibu lita 500, milioni 1.5. Oili mara tatu au zaidi, kama laki mbili kila mara na filta yake, laki 6. Seti ya tairi inakaa miaka miwili, kwa mwaka naweka laki 8. Pedi, plagi, bushi, linki, kulanti na vidudu vingine milioni 1.2. Halafu mfuko wa injini, 150,000 kila mwezi haiguswi, milioni 1.8. Jumla milioni 10.4, na hapo bima sijaweka. Bima kubwa wanakata asilimia ya thamani ya gari, chukua hiyohiyo kubwa, bima ndogo inalipa uliyemgonga, wewe unabaki na mabati.

Kilo ikiwa elfu 3, hiyo ni tani tatu na nusu za korosho kila mwaka, na hujala, hujapulizia salfa, hujalipa ada ya mtoto. Mpwa alikaa kimya kwenye simu nikadhani mtandao umekata. "Mjomba, si bora basi ninunue shamba lingine?" Nikamwambia hilo siyo swali la fundi.

Lakini kama tani hizo unazo, hela yote ya mwaka itoe siku ya malipo ya korosho, oili za mwaka mzima nunua siku hiyo, na tairi nunua siku hiyo. Mwezi wa nne usikukute unachagua kati ya oili na unga.

Hatua ya tisa: kuokota ya mwezi wa sita

Kuna njia ya pili, ambayo mpwa ndo ameamua kuisubiri. Mwezi wa sita, wa saba, wale wa msimu wanaanza kuuza. Bei inashuka sana na mwenye gari ana haraka. Unaweza kuokota gari nzuri iliyokosa matunzo ya miezi sita tu, au ukaokota jeneza.

Mpigie usiku kabla, mwambie asiwashe mpaka ufike. Nenda alfajiri. Shika boneti kwa kiganja, ikiwa ya moto jua kuna kelele ya ubaridi anaificha, aga, sema utarudi kesho. Ikiwa baridi chomoa stiki kwanza kabla ya kuwasha, ukikosa oili au ukaona vumbi la kung'aa humo, usiiwashe hata yeye akikubembeleza. Ikiwa safi, washa, usikanyage, simama pembeni usikilize dakika nzima. Tiki-tiki nyepesi inayoisha injini ikipata joto zinakuwa nazo nyingi. Mgongano mzito wa chini unaofuata mguu ndo ule wa Mbwemkuru. Moshi wa bluu unapoachia ni tabo au ringi. Fungua mfuniko wa rejeta (injini ikiwa baridi!) uone kama kuna mapovu yanapanda. Halafu ingia barabara ya Naliendele, kata kona kali taratibu kushoto na kulia, ukisikia gari inajivuta na tairi zinalia kama zimefungwa kamba, difu ya katikati imeshaliwa na mtu aliyenunua tairi moja.

Hesabu ulichokiona, toa kwenye bei, na theluthi yako iwe bado mfukoni. Kama hairuhusu, Altezza moja nzuri inauzwa Masasi, nyeupe, mwenyewe mwalimu, oili anabadilisha.